Siku Bibie Alipoletwa kwa Baba

Juzi nilipita uchochoro mmoja hapa Dar es Salaam, nyuma ya soko, ambako vijana wanatengeneza vitanda na makabati. Mmoja wao alikuwa akichemsha gundi ya ngozi, ile ya zamani, vipande vya rangi ya asali vikiyeyuka ndani ya kopo lililosimama kwenye sufuria ya maji moto. Siku hizi watu wanatumia gundi nyeupe ya chupa, na sikujua kama bado kuna mtu anayeijua hii. Harufu yake si nzuri. Inanuka kwato, inanuka ngozi iliyolowa. Nikasimama pale mpaka yule kijana akaniuliza, "Bibi, unatafuta kabati?" Nikamwambia hapana mwanangu, napumzika tu. Nyinyi wa rika langu mnajua hali hiyo. Unapumzika, kumbe umeshafika Lindi.

Baba yangu, Fundi Hamisi, alikuwa seremala Lindi zama za Mwingereza. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba yetu, paa la makuti, upande mmoja wazi kabisa ukitazama njia itokayo gatini. Nyumbani tulikuwa watatu: baba, mama yake Bibi Somoe, na mimi. Mama yangu alifariki kabla ya masika ya mwaka ninaousimulia. Lakini mimi sikuambiwa hivyo. Niliambiwa, "Mama yako ametangulia."

Ni neno la heshima, na hata leo nalitumia. Ila mtoto hulichukua neno kama lilivyo. Aliyetangulia ni yule aliye mbele njiani. Ukikaza mwendo utamkuta, au yeye atachoka, atakaa mahali akusubiri. Nilikuwa nimewaona kina mama wakiingia chumbani na ndoo za maji. Nilikuwa nimeona kitu kirefu kimefunikwa shuka nyeupe. Nilimwona baba akipasua mbao za kiunza, zile zinazolazwa kaburini juu ya maiti, akizipasua kwa msumeno wake mwenyewe, kwa sababu seremala wa mtaa alikuwa yeye. Yote hayo niliyaona, wala sikuyaunganisha. Watu wa mama walikuwa wakikaa Sudi, kijiji cha pwani, nami nikajiwekea kwamba ametangulia Sudi.

Mwaka huo Lindi nzima ilikuwa imeshikwa na rumba. Karibu na soko palikuwa na hoteli ya chai yenye santuri ya kuzungusha kwa mkono, na mwenye hoteli alikuwa akipata kwa mabaharia sahani za nyimbo kutoka Kuba. Makuli wa gatini walisimama barazani na vikombe vyao mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyejua maneno yale, lakini kila mtu aliyaimba kwa namna yake, na ukipita sokoni ulisikia wauza dagaa wakiimba lugha isiyo ya mtu. Nilimwuliza maalimu wetu wa chuo cha Kurani kama ni Kiarabu. Akanitazama sana. "Si Kiarabu," akasema, "na wewe soma ubao wako." Basi nikaamua mwenyewe kwamba hicho ndicho Kidaresalama, lugha ya watu wa mji mkuu.

Bibi Somoe alisema hapana jipya. Enzi zake palikuwa na beni, wanaume wakitembea mabarabarani na tarumbeta, wamevaa kofia kama za maofisa, na wanawake wakicheza lelemama kwa vyama, chama hiki kikishindana na kile kwa mavazi na matusi ya mafumbo. Kisha vita vikaja, vijana wakapelekwa Burma, na waliorudi walirudi na magitaa. Kwenye mashamba ya mkonge watu wa kila kabila walikutana, na kila kambi ikawa na bendi yake. Zote zilijiita jazi, na zote zilipiga rumba. Lakini bendi kamili, yenye saksafoni na besi ya kusimama, sisi hatukuwa tumeiona. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba bendi ya Dar inakuja kwa meli, na kwamba Jumamosi itapiga dansi ukumbini, vijana walifua mashati yao mapema wiki ile.

Siku meli ilipofika nilikuwa karakanani nikikusanya maranda ya kuwashia moto. Nikasikia barabara imenyamaza. Nikainua macho, nikaona wanaume wanne wanakuja kutoka gatini wamebeba kitanda cha kamba mabegani, na juu ya kitanda kuna mtu mrefu amefunikwa shuka nyeupe. Maji yalikuwa yakidondoka. Waliokaa barazani walisimama. Wengine walivua kofia, wengine waliinua mikono wakasoma dua. Mzee mmoja jirani yetu alitoka mbio, akaingiza bega chini ya mguu wa kitanda, kama ilivyo sunna, akabeba mpaka mlangoni kwetu bila kuuliza aliyekufa ni nani.

Mbele yao alitembea mtu mrefu mwembamba, suruali yake nyeupe imelowa mpaka kiunoni, tai imening'inia mfukoni. Alikuwa Bwana Selemani, mpiga besi wa ile bendi. Alipiga hodi, akamwamkia bibi, kisha akamgeukia baba.

"Fundi, nisaidie," akasema. "Bibie kazama."

Wakamshusha kwenye benchi la baba. Mzee jirani akabaki amesimama, anahema, anasubiri kuambiwa jina la marehemu. Baba akainua ncha ya shuka.

Nilikuwa chini ya benchi la pili na niliona kila kitu. Alikuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, na aling'aa kwa maji. Alikuwa na shingo ndefu. Alikuwa na mabega, na kiuno, na makalio mapana. Tumbo lake lilikuwa limefunguka upande mmoja, na ndani niliziona mbavu. Sikuogopa. Hiyo ndiyo ajabu ninayoikumbuka zaidi. Nilisema moyoni: kumbe wanawake wazima wakifunikwa ndivyo wanavyokuwa. Na kumbe wanaletwa kwa baba.

Mzee jirani naye alichungulia, akaona nyuzi. Akaiweka kofia yake sawasawa kichwani, akaaga kwa adabu, akaondoka.

"Limeanguka vipi?" baba akauliza.

"Tulikuwa tunamteremsha kutoka melini kwenda kwenye tishali la kushushia mizigo. Kamba ikateleza. Nikajirusha nimfuate, lakini alikwishakunywa maji." Bwana Selemani aliongea taratibu, kama mtu anayeeleza habari za mgonjwa. "Gundi yote imeachia. Huko Dar ningejua pa kumpeleka. Hapa nimeuliza gatini, wakanitajia wewe. Fundi, usiponifufulia huyu, Jumamosi hakuna dansi, na mimi sina tena kazi. Besi nyingine siipati."

Baba aliinama juu ya benchi. Alipitisha kidole gumba pale mbavu zilipoachana na tumbo.

"Sijawahi kulishika dude kama hili," akasema. "Sijui ndani linatakiwa liweje."

"Mimi nitakwambia liweje. Wewe utaniambia linashikwaje."

Ni hapo nilipogundua kwamba mgeni anasema "huyu" na baba anasema "hili". Nilidhani baba hajaelewa bado kwamba ni mtu.

Bibi Somoe hakupenda. Alisubiri mgeni atoke kwenda kutafuta nguo kavu, ndipo akaja kusimama mlangoni pa karakana, kanga kaifunga kifuani.

"Hamisi, hata mwaka haujatimia. Watu watasema mke yuko mchangani, mume anatengeneza mazeze ya kuchezea watu viuno."

"Ni mbao, mama," baba akajibu bila kugeuka. "Mbao zilizoachana."

Bibi akakaza kanga yake. Kisha akaingia ndani, akarudi na mtungi wa maji baridi ya kisima, kwa sababu baba alikuwa ameomba maji yasiyo na chumvi.

Siku zilizofuata zilikuwa kubwa kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi. Baba alimwosha kwanza. Alichukua kitambaa laini, akamwosha kwa maji ya kisima, shingo, mabega, mbavu, mpaka ndani ya tumbo, polepole, akionja kidole chake kila mara mpaka chumvi iishe. Kisha akamlaza kivulini, si juani, akaweka mawe madogo yaliyofungwa vitambaa juu ya tumbo ili lisipinde. Bwana Selemani alikaa karibu naye kwenye kigoda. Alinisalimia kila asubuhi kama mtu mzima mwenzake, "Umeamkaje, Zainabu?" Nami nilimwuliza, "Bibie kaamkaje?" Akajibu, "Anakauka, mama. Alhamdulillahi, anakauka." Nilishangaa kwamba anaongea Kiswahili kama sisi. Nilikuwa nimengoja Kidaresalama.

Siku mbao zilipokauka, baba alichemsha gundi. Alipaka kingo zote kwa manyoya ya kuku, akaziunganisha, akamzungushia kamba tumboni na kiunoni, akakaza kwa kabari. Alifanya kazi jasho likimdondoka kidevuni, na mara kadhaa alifungua alichofunga akaanza upya. Nilimwona akikosea. Nilimwona akishika kichwa. Mara moja alisema, "Bwana Selemani, huyu mtu wako nitamharibu," na Bwana Selemani akasema, "Ameshaharibika, fundi. Huwezi kumzidishia." Baba alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu kabla ya masika, na nikasogea karibu.

Palikuwa na kijiti. Kijiti kidogo, unene wa kidole, kinachosimama ndani ya tumbo kati ya mbele na nyuma, bila gundi wala msumari. Cha zamani kilikuwa kimebaki baharini. Bwana Selemani alisema bila hicho Bibie atalia kama debe. Baba akachonga cha mvule, akakiingiza kwa waya kupitia tundu lililo tumboni, wakafunga nyuzi, Bwana Selemani akavuta mmoja. Sauti ilitoka nzito na butu, kama mtu anayeita akiwa amefunikwa blanketi. Wakatazamana. Baba akachonga kingine. Hivyo hivyo. Mwishowe akavunja ubao wa kasha la sabuni, mti mweupe mwepesi wa Ulaya, akachonga cha tatu, akakisogeza huku na kule ndani ya giza la tumbo lile, uso wake umeegemea ubavu wa Bibie, macho ameyafumba.

"Jaribu," akasema.

Bwana Selemani akamsimamisha Bibie, akamwegemeza begani, akavuta uzi ule mnene.

Nitaeleza nilivyosikia, ingawa kusikia si neno lenyewe. Maranda yalitikisika sakafuni. Patasi zilizoning'inia ukutani zililia kidogo, moja baada ya nyingine. Kitu kikaingia miguuni kwangu kutoka ardhini, kikapanda mpaka tumboni, kikakaa. Bibi Somoe, aliyekuwa uani akipepeta mchele, aliacha kupepeta. Baba alikuwa bado amepiga magoti. Hakusema "limelia". Alisema kwa sauti ya chini, kama anaogopa kumshtua:

"Ameamka."

Nami sikuwa na shaka tena. Mwanamke aliletwa kwenye kitanda amefunikwa shuka, na baba yangu amemwamsha.

Dansi la Jumamosi lilikuwa la mchana, lile lililoitwa bugi. Bwana Selemani alimsihi baba aje akae nyuma ya bendi, maana kama gundi ikiachia katikati ya wimbo, awepo. Bibi akauliza, "Na mtoto wa kike naye dansini?" Baba akasema, "Ni mchana, mama, na atakaa ubavuni kwangu." Nikavaa gauni la Idi.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanaume walikuwa na mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakasimama yenyewe. Wanawake wengine walivaa magauni, wengine kanga mpya, na wote walinukia asumini na jasho. Bendi ilikuwa imekaa jukwaani kwa suruali nyeupe, saksafoni inang'aa kama kitu kilichotolewa kwenye moto sasa hivi. Sisi tulikuwa nyuma kabisa, juu ya sanduku la vyombo, na mbele yangu palikuwa na mgongo wa Bibie. Niliona mstari mwembamba wa gundi ya baba ukizunguka mwili wake.

Bibie ndiye aliyeanza. Peke yake, mara chache, taratibu. Kisha tumba zikamjibu, kisha vijiti viwili vikagongana juu yao, kisha gitaa likaingia likitiririka kama maji yanayotafuta njia. Saksafoni iliposimama, watu wote ukumbini walivuta pumzi mara moja. Mwimbaji akasogea mbele, nami nikajiandaa kwa ile lugha isiyo ya mtu, na akaimba Kiswahili. Aliisalimia Lindi. Aliwasalimia wavuvi na wakulima wa korosho, akawapa pole wenye mizigo mioyoni. Mpaka leo nimesikia bendi nyingi, na kubwa, na redioni nimezisikia zote mnazozijua. Lakini sijapata tena kushangaa kama nilivyoshangaa dakika ile, kwamba ile ajabu iliyovuka bahari ikiimba mambo ya watu wengine ilikuwa inatuongelesha sisi.

Watu walicheza bila kuruka, wakiteleza tu, visigino vikisugua sakafu, sura zimetulia kama wanafikiria jambo. Na chini ya yote yale alikuwepo Bibie. Ukimsahau unaona watu wanacheza gitaa. Ukimkumbuka unaona miguu yote ya ukumbi inamtii yeye. Nilimtazama baba. Hakuwa akitazama wachezaji. Alikuwa akitazama ule mstari wa gundi, na midomo yake ilikuwa ikitetemeka kila uzi ulipovutwa.

Katikati ya wimbo nikaona dirishani kanga ninayoifahamu. Bibi Somoe alikuwa amesimama nje pamoja na wanawake wengine wa makamo, amejifunika uso nusu, na chini ya kanga mabega yake yalikuwa yakienda. Jioni yake alimwambia baba, kama mtu anayetaja bei ya samaki, "Ule mdundo wa chini naujua. Tulikuwa nao bara kwetu, Umwerani, nikiwa mwali. Leo naukuta umevaa suruali."

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Watu walimsimamisha baba njiani kumpa mkono. "Fundi, umetuokoa." "Fundi, umemfufua Bibie." Kila mtu aliposema hivyo nilimbana baba kidole. Tulipoachana na watu, nikaona sasa ndio wakati.

"Baba," nikasema, "na mama utamtengeneza lini?"

Akaendelea kutembea kidogo, kama miguu ilikuwa haijasikia. Kisha akasimama.

"Nani?"

"Mama. Naye alifunikwa shuka. Wakamchukua kabla hujamwosha kwa maji ya kisima. Tukamlete."

Palikuwa na kalvati pale, penye mtaro wa mvua. Baba akakaa juu yake, na suruali yake nzuri, vumbini. Akaniweka mbele yake akanishika mabega. Alifungua kinywa akafunga. Nilidhani anahesabu mbao zitakazohitajika.

"Zainabu," akasema. "Lile lilikuwa zeze. Ni mbao na gundi. Mimi nimesema 'ameamka' kwa sababu nilifurahi. Halikuwa limekufa, lilikuwa limeachana."

"Na mama?"

"Mama yako ni mtu. Mwanaisha amekufa. Hakutangulia Sudi wala mahali popote unapoweza kufika kwa miguu. Amekufa, nami ningejua gundi ya mtu ingepatikana wapi, ningekwenda kwa magoti. Mwenyezi Mungu hakutupa hiyo."

Tangu siku ya mazishi jina hilo halikuwa limetamkwa nyumbani kwetu. Alipolitamka, uso wake ukakunjika kama ule wa mtoto, akalia. Mtu mzima, kwenye kalvati, mchana, watu wakipita. Waliopita waligeuza nyuso kwa heshima. Mimi nilianza kulia baadaye kidogo, si kwa sababu nilikuwa nimeelewa yote, bali kwa sababu nilielewa kwamba kuna mahali mikono ya baba yangu inakoma. Nilikuwa sijawahi kudhani ina mwisho. Na ajabu ni kwamba sikumwona mdogo. Alikuwa amekaa pale na kamasi zake, na mikono yake imekauka gundi kwenye kucha, nami nilimwona mkubwa kuliko alivyokuwa karakanani. Tukakaa mpaka tukamaliza. Kisha akaniosha uso kwa ncha ya shati lake, tukaenda nyumbani, akamwambia Bibi Somoe, "Nimemwambia." Bibi akasema, "Afadhali."

Bendi iliondoka na meli kwenda Mtwara. Bwana Selemani alikuja kuaga, akampa baba mkono kwa mikono miwili, akaniachia nimguse Bibie shingoni. Sikumwuliza kaamkaje. Nilisema, "Limepona," na yeye akanitazama, akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu asubuhi vijana watatu wa mji walikuja karakanani. Mmoja alikuwa fundi cherehani, mmoja karani, mmoja alikuwa askari wa zamani wa Burma mwenye gitaa lenye ufa. Walisimama kwa aibu. Walisema wanaanzisha bendi, bendi ya Lindi yenyewe, na walitaka kujua kama fundi anaweza kuunda besi kutoka mwanzo.

Bibi Somoe alikuwa mlangoni. Baba alimtazama, naye akaingia ndani.

"Sijui kama naweza," baba akawaambia. "Leteni mbao."

Wakaleta mninga, na makasha matupu ya sabuni kutoka kwa Wahindi. Baba akaulaza ubao wa kwanza kwenye benchi, akachukua uzi wa kupimia, akauchovya kwenye masizi. Akanipa ncha moja.

"Shika hapo, Zainabu. Usilegeze."

Akauvuta mpaka ukakaza kati yetu, akaubana upande wake kwa kidole gumba. Kwa mkono mwingine akauinua katikati, akauachia. Uzi ukalia kidogo, na juu ya ubao ukabaki mstari mweusi, umenyooka kutoka kwake mpaka kwangu.